Mtani Aliyelia Kaburini kwa Mzee Kapama

Mwanangu Veneranda,

Mambo ya safari mama yako ameshayasema yote, mengine mara mbili. Kufunga hela kwenye pindo la khanga, kutokubali vyakula vya watu ndani ya treni, kupiga simu ukifika Tabora. Hapo sina cha kuongeza. Mimi nakuandikia kwa sababu ya swali lako la juzi.

Niko huku banini, kwenye banda la kukaushia majani, nalinda moto wa tumbaku ya tajiri. Jani limeanza kugeuka njano, na moto ukilala sasa hivi mzigo wote unaharibika. Kwa hiyo chakula chako cha kuagana mtakula bila mimi. Nimekalia gogo, jua bado lipo kidogo, na karatasi nimeiweka juu ya ubao tunaofungia tumbaku. Niliishia darasa la tano, unajua. Pale nilipokosea, usisome, nisikilize tu kama vile tunaongea.

Juzi tulipokuwa tunatoka kwa Bibi, mjane wa Mzee Kapama, uliniuliza, "Baba, siku ile kaburini ulikuwa unatania au ulikuwa unalia?" Nikakujibu nenda kamfunge mbuzi. Na mbuzi tulishauza. Wewe hukucheka wala hukubisha, ulienda mpaka kwenye zizi tupu ukasimama pale. Nilikuona. Nilitaka kukuita nikashindwa.

Kesho wewe unaondoka na kesho hiyohiyo wanaanua matanga ya Mzee Kapama. Bibi amenitumia mtu: "Mfipa aje. Bila yeye matanga hayaanuki." Shemeji yake mmoja alishauri waazime Mfipa mwingine kule sokoni Mpanda, wapo wengi wanapakia magunia. Bibi akakataa. Akasema mume wake alikuwa na Mfipa mmoja tu. Sasa mimi sina la kusema kesho, Vene. Tangu tumzike natafuta neno moja la kuchekesha watu na sioni.

Wewe umezaliwa hapa Litapunga, kwako utani wa makabila ni kelele za wazee. Ngoja nikuambie jinsi utani ulivyonikuta mimi.

Nilitoka kwetu Ufipa nikiwa kijana, kwenye lori, tukiwa kundi la vibarua wa kulima tumbaku. Nilipofika hapa homa ikanishika. Wenzangu walinisubiri kidogo, kisha wakaendelea na kazi mbele, maana aliyewachukua hakutaka mgonjwa. Siwalaumu. Nikabaki nimelala kwenye baraza la duka lililofungwa, nimejifunika gunia. Watu walipita. Akaja mwanaume mmoja na baiskeli, nyuma amefunga ndoo ya asali, kichwani kofia ya majani iliyoungua ukingo. Akasimama akaniangalia miguu.

"Wewe Mfipa?"

Nikasema ndiyo.

"Nimejua kwa hiyo miguu. Miguu ya kupandia milima. Huku kwetu tambarare, itakusumbua." Akashusha ndoo. "Sasa sikiliza, Mfipa. Ukitaka kufa, kafie kwenu. Usitufie hapa ukatupa kazi ya kukubeba mpaka Sumbawanga. Panda."

Alinipandisha kwenye keria akanisukuma mpaka kwake, na ile ndoo ya asali akaiacha palepale barazani, ikabaki na nzi. Huyo ndiye Mzee Kapama. Wakati ule alikuwa hajawa mzee.

Alinilaza kwenye kibanda anachowekea mizinga yake. Homa ilipotoka ikaja njaa, na hapo ndipo ujinga wangu ulipoanza. Bibi akileta ugali nasema nimeshiba. Nilikuwa na aibu. Nilitoka nyumbani nikiwa nimetamba kwamba nakwenda kutafuta mali, na sasa nalishwa na watu nisiowajua. Nilikunywa maji nikalala. Siku ya tatu ya kushiba kwangu maji, Mzee akasimama mlangoni akapiga kelele mpaka majirani wakatoka.

"Jamani njooni muone! Nimepata Mfipa mbovu! Hajui hata kumwibia mtani wake!"

Watu wakacheka. Yeye akaendelea, "Sikia wewe. Mimi Mkonongo, wewe Mfipa. Sisi watani toka mababu. Kitu changu ukikichukua siwezi kukushtaki. Kuna jogoo nimemfunga pale kwenye mpapai. Kesho nikimkuta bado yupo, nakupeleka kwa mtendaji kwa kosa la kudharau mila."

Nikamwiba. Nilimchinja nyuma ya kibanda, na Bibi akaja na chungu kilichokuwa tayari na maji ya moto, akaniambia na chungu naiba. Asubuhi Mzee alizunguka kijiji kizima analia wizi. "Mfipa kanimaliza! Jogoo wangu wa mbegu!" Kila aliyenikuta njiani alinicheka, akaniita mwizi, akanisalimia. Hakuna aliyenionea huruma hata mmoja. Nadhani ningeonewa huruma ningeondoka.

Hata shamba letu ulilokulia, usidhani lilinunuliwa. Nilipomwoa mama yako nilikuwa sina hata tuta moja. Mzee akasimama kwenye mkutano wa kijiji akiwa amekunja uso: "Mwenyekiti, nina malalamiko. Huyu Mfipa amevamia kipande changu cha kule mtoni, amelima bila ruhusa. Ningemshtaki, lakini ni mtani, nitafanyaje? Namwachia. Andikeni kwamba nimeshindwa." Watu wakapiga makofi. Mimi kipande hicho nilikuwa hata sijakiona. Alfajiri yake nilichukua jembe nikaenda kukilima haraka haraka, ili mzee wa watu asiwe mwongo.

Ndivyo alivyokuwa. Si kwangu tu. Lakini ya wengine watakuambia wenyewe, na siku ya msiba uliona mwenyewe watu walivyojaa, hata Wasukuma walioko mbali na ng'ombe zao walikuja, wale aliowahi kugombana nao juu ya mizinga iliyoangushwa.

Sasa nikuambie jambo ambalo najua mama yako amekugusia tu juu juu. Miaka ikaenda, mimi sijarudi kwetu. Kila mwaka nilisema nikiuza tumbaku nakwenda. Tumbaku ikiuzwa naona haitoshi. Nilitaka nimpelekee bibi yako, mama yangu mzazi, blanketi zito la baridi ya kule, na kitenge, na niingie kijijini nimevaa viatu. Mzee alinichokonoa kila siku. "Mfipa, kwenu walikufukuza kwa kuiba nini?" "Mfipa, mama yako ameshapata mtoto mwingine, wewe hesabu umekufa." Nilicheka naye, ndani ninaumia. Nikawa nasema mwakani.

Siku moja ikaja habari kwamba bibi yako haoni vizuri na hali vizuri. Bado nikataka kusubiri soko. Mzee alikuja shambani kwangu, akanipokonya jembe, akanivua shati lililojaa utomvu wa tumbaku, akanivalisha koti lake. Hakutukana. Alinipeleka mpaka Mpanda, akaongea na dereva, nikaondoka hivyohivyo, mikononi sina kitu.

Nilimkuta bibi yako amekaa nje kwenye jua. Nikapiga magoti mbele yake, nikamshika mkono. Akaushikashika mkono wangu, akapapasa sugu, akaniuliza mimi ni mtu wa wapi. Nikasema natoka Mpanda. Akafurahi. Akasema, "Basi utakuwa unamfahamu mwanangu. Anaitwa Ponsiano. Yuko huko Mpanda."

Nikasema namfahamu.

Akasema, "Mwambie aje tu."

Nilikaa naye mpaka tukamzika, na kila siku aliniagiza vilevile, na kila siku nilimwambia nitamfikishia. Shangazi zako walijaribu kumwambia, "Mama, ndiye huyu." Alikuwa anawajibu kwa adabu kwamba huyu ni mgeni, ametoka safari, wampe maji. Vene, mimi ni mtu mwenye nguvu, nimebeba magunia ya mahindi mgongoni mpaka nyama imekufa ganzi. Pale sikuwa na pa kushika. Hakuna kazi ambayo ningeifanya ikasaidia.

Niliporudi Litapunga Mzee alikuwa ameshasikia. Alikuja akaketi kwenye kigoda chetu toka asubuhi mpaka jioni. Ndiyo siku pekee katika maisha yangu ambayo hakunitania. Kesho yake alipita njiani na baiskeli akapaza sauti, "Mfipa! Pole zimeisha jana! Koti langu liko wapi, mwizi wewe?" Nikamtukana. Nikaanza kula.

Kwa hiyo usishangae ukisikia neno langu moja tu kwako. Chuo kikikushinda, ukifeli, ukifukuzwa, ukipata mimba, ukiumwa, ukikosa hata nauli ukaomba watu, njoo. Usisubiri upate cha kuleta. Leo nikikuona najua kuwa ni wewe. Mwakani sijui nitakuwa najua nini.

Nirudi kwa Mzee. Unakumbuka alivyokuwa hospitali pale Mpanda, ulivyokwenda kumuaga ukiwa na zile karatasi za chuo. Akawaambia wagonjwa wote wodini, "Mke wangu mdogo huyu. Anakwenda kusomea uuguzi, akirudi ananitibu bure. Mimi nabaki na huyu kizee anayenilazimisha uji." Na Bibi akamjibu, "Kunywa uji wewe, huyo mke wako mdogo hajui hata kuukoroga." Ulicheka mpaka ukatoka nje, na nje nikakukuta unalia. Siku ya msiba ukaniambia kama ungekuwa umeshasoma ungemponya. Mwanangu, sijui. Waliosoma walikuwepo, walimhangaikia mchana na usiku, na alikufa. Ukasome, lakini usiende na deni hilo kichwani.

Baada ya wewe kutoka siku ile nilibaki naye. Alikuwa amekonda, mkono wake umekuwa kama wa mtoto.

"Mfipa, umekuja kuniangalia mimi au unaangalia godoro?"

"Godoro," nikasema.

"Subiri. Bado nalilalia."

Akakohoa sana. Nikamwinua, nikamlaza tena. Akaniita karibu. "Hiyo sura ya mbuzi aliyenyeshewa usiniletee kwenye msiba wangu. Umesikia? Utavaa kofia yangu. Utabeba ndoo yangu. Utaingia kaburini kabla yangu, ulale, udai majogoo mawili ndiyo utoke. Watu wacheke mpaka padri akasirike. Nimewazika watani wengi, najua kazi. Sasa ni zamu yangu kufanyiwa."

"Nitafanya," nikasema.

"Ukilia, Mfipa, nafufuka nakuchapa."

"Utanichapa kwa mkono gani, na ulivyoisha hivi?"

Akaufikiria mkono wake. "Wa kushoto," akasema.

Hayo ndiyo tuliyoongea mwisho. Sikuyasema kwa mtu.

Siku ya mazishi nilikuwa tayari kabisa. Nilikuwa nimepanga maneno, nimeyajaribu huku banini peke yangu na nimecheka mwenyewe. Kofia nilivaa, ndoo nilibeba. Jeneza lilipofika karibu na kaburi watu wakatulia, wakanigeukia, maana kila mtu anajua zamu ni ya nani. Nikapanda juu ya udongo. Nikashusha kofia mpaka machoni kama alivyokuwa anafanya akiwa anaelekea kwenye mzinga. Na ile kofia ilikuwa inanuka moshi. Moshi wake ule wa kurinia asali. Basi. Nikakaa chini kwenye udongo, nikalia kama mtoto.

Na watu wakacheka. Hilo ndilo lililoniumiza, na siwalaumu. Walidhani ndiyo utani wenyewe, kwamba Mfipa anaigiza wafiwa. Walicheka sana. Kuna mama mmoja alisema, "Ah, huyu leo ametisha!" Na nilivyozidi kulia wakazidi kucheka, mpaka kicheko kikaanza kupungua upande wa mbele, kwa wale walioona uso wangu, kikarudi nyuma taratibu mpaka kikaisha. Nilikuwa bado nalia. Nilikuwa nasubiri, Veneranda. Nilikuwa naliangalia jeneza nasubiri afufuke anichape. Hata kwa huo mkono wa kushoto.

Wewe ndiye uliyekuja ukaninyanyua. Wakamzika hivyohivyo, hakuna aliyedai jogoo, hakuna aliyeingia kaburini kabla yake. Aliingia peke yake. Mtu aliyechekesha misiba ya watu wote, wake ukawa kimya.

Swali lako jibu lake ndilo hilo. Nilikuwa nalia. Nilianza na nia ya kutania na nikashindwa, na hapakuwa na mtu wa kunipokea.

Nimesimama kidogo kuchochea moto. Nimerudi.

Nimekuwa nafikiri hapa wakati naongeza magogo. Kesho nitakaposimama kwenye ule uwanja, pengine nitasema hivi: "Ndugu zangu, mmenilaumu bure. Mwenye kosa ni huyu mzee wenu. Tumezika mwongo! Aliniahidi mwenyewe, kitandani, kwamba nikilia atafufuka anichape. Nimelia mbele yenu nyote. Nimelia wiki nzima, jani la tajiri limelowa banini. Hajaja. Mimi nadai haki yangu kwa Wakonongo. Aje anichape."

Nimeyasema kwa sauti hapa mbele ya tanuri, nione kama yanasemeka. Nilifika kwenye "aje" nikakwama. Nikajaribu tena, nikakwama palepale. Kesho sijui. Labda wakicheka mapema watanivusha. Labda nitakwama na watakaa kimya tena, na Bibi atabaki na matanga yake. Nitakwenda tu. Wewe wakati huo utakuwa stesheni, na ndiyo sababu siwezi kukusindikiza mpaka Mpanda. Alfajiri, mwenzangu akinipokea zamu ya moto, nitakuja nyumbani, nitakufungia begi kwenye bodaboda, nitakuwa nimenuna kama kawaida. Usinisome usoni, nisome humu.

Huko Tabora utawakuta Wanyamwezi. Nao ni watani zetu. Watakuambia Wafipa wachawi, mnatuma radi, mnasafiri kwa ungo, mbona wewe umekuja na treni. Usinune. Jibu. Sijui kama siku hizi chuoni vijana bado wanaijua hii sheria, au wanatukana tu bila kujua kwamba aliyekutukana anatakiwa akulishe. Akitokea mmoja anayeijua, hata kama ni mpishi au mlinzi wa geti, mshike. Siku utakayoshindwa kuomba, kwake utaiba.

Jambo la mwisho, halafu moto unaniita. Kwenye begi, chini ya shuka, utakuta chupa mbili za asali. Mama yako hajui. Leo mchana kabla ya kuja huku nilipita kwa Bibi. Watu walikuwa wamelala chini ya turubai, yeye amekaa peke yake mlangoni. Nikampita bila salamu, nikaingia kwenye kibanda cha mizinga, kilekile nilicholazwa, nikachukua chupa moja kwenye zile alizorina Mzee msimu wa mwisho. Nilipotoka akaniangalia. Tangu mazishi alikuwa hajanisemesha kwa mdomo wake.

"Mfipa," akasema. "Unaiba?"

"Naiba."

Akaitazama ile chupa.

"Basi iba na ya pili," akasema. "Mtoto anakwenda mbali."

Usimshukuru mtu, mwanangu. Ni mali ya wizi. Uile na uwape wenzako.

Mimi baba yako,
Ponsiano, banini, Litapunga